Msemaji wa Sinema Bubu wa Gisimenti

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio, wale ambao betri zenu bado zina nguvu. Leo tunamkumbuka Mzee Usumani Hakizimana. Narudia: Usumani Hakizimana, fundi cherehani wa Remera na msemaji wa sinema bubu. Aliuawa mwezi wa Aprili, mwaka huu wa 1994, hapa Kigali. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Vijana mtauliza, msemaji wa sinema ni nani? Zamani sinema haikuwa na sauti. Mliona watu kwenye shuka jeupe wakilia, wakigombana, wakifungua midomo, na neno halitoki. Basi mtu mmoja alisimama kando ya shuka akawasemea wote: mama, askari, mtoto mchanga, hata punda. Mzee Usumani aliianza kazi hiyo ujanani, katika ukumbi wa mapadri. Ndiyo, Mwislamu wa mtaa wa Biryogo kwa mapadri! Walimtaka kwa sababu alikuwa na Kiswahili cha baba yake, mfanyabiashara kutoka Ujiji, na Kinyarwanda cha mama yake, na mdomo usiochoka.

Alikuwa na desturi moja, ishikeni vizuri. Kila mtu ndani ya filamu alimpa jina la mtu wa mtaani. Lakini mwizi, mlevi na muuaji aliwapa jina lake mwenyewe. "Huyu mwizi ni Usumani!" Ukumbi mzima unacheka. Akiulizwa sababu, alijibu, "Jina baya simwazimi jirani. Ataenda nalo nyumbani kwake."

Kisha ikaja sinema ya sauti. Siku ya kwanza mapadri waliiweka bila kumwambia. Mzee akafungua mdomo, na shuka likamtangulia kusema. Akadhani kuna mtu nyuma ya shuka anamdhihaki. Akaenda kumtafuta, tukaambiwa shuka lilitikisika kwa jinsi alivyopapasa huko. Watu walicheka hadi machozi. Yeye alivaa kofia yake akarudi kwenye cherehani.

Padri mmoja alipohama nchi, alimwachia mtambo wa sinema na mikanda sita ya zamani, yote bubu. Kwa mikanda hiyo sita Mzee Usumani alifungua chumba Gisimenti, hapo hapo Remera. Kila Jumapili alasiri aliziba madirisha kwa mablanketi, akasimama kando ya shuka, akasema. Mwaka wa 1990 jirani yake Silvère akaleta video, bunduki za filamu zinalia mpaka barabarani. Watu wakahamia huko. Ilifika wakati Mzee akawasemea watu wanne tu, na wawili wamelala.

Binti yake, Swafiya, aliniambia hivi: "Nilimuambia, Papa, watu wanataka sinema yenye inasema yenyewe. Akanijibu, ile ya Silvère ilishajua itasema nini. Hii yangu inaningojea mimi."

Kweli, ilikuwa inamngoja yeye. Na wengine waliliona hilo.

Mwaka wa 1993 vijana wa chama kimoja cha siasa walimfuata kwenye cherehani. Walimwambia, Mzee, tutakujazia ukumbi. Tunataka kitu kimoja tu. Katika ile filamu ya mwizi wa bata, usimwite Usumani. Mwite inyenzi. Inyenzi ni mende, wasikilizaji, na mnajua ni Watutsi waliokuwa wakiitwa hivyo. Mzee hakukataa, hakukubali. Aliwajibu tu, "Njoeni mtazame."

Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Swafiya anasema baba yake alipiga kanzu pasi mara mbili. Filamu ikaanza, na kwa dakika kumi alisema vizuri sana. Mwizi akatokea, bata kwapani. Mzee akasema, "Huyu mwizi anaitwa Usumani. Ni mimi."

Wakaanza kupiga kelele. "Sema lile jina! Sema!" Mzee akavuta kiti, akaketi, akafunga mdomo. Filamu ilikwenda mpaka mwisho bila neno. Midomo ikicheza kwenye shuka, mtambo ukilia, na watu wakipiga mabenchi kwa miguu. Baada ya hapo hakuna aliyerudi. Hakuna hata mmoja.

Aprili hii, mauaji yalipoanza, vijana wale walimkumbuka. Walikuja nyumbani asubuhi, Mzee akiwa anashona. "Walisema wamekuja kumfundisha kusema," Swafiya aliniambia. "Walimpiga wakitaka atamke lile neno. Papa hakutamka. Akafa vile."

Swafiya, wewe na wadogo zako, poleni. Poleni sana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Uliniuliza juzi kama nilimfahamu baba yako, nikakujibu nilimsikia kwa watu. Sikusema kweli. Jumapili ile nilikuwa mle ukumbini, safu ya tatu. Nilitaka sinema, nilikuwa nimechoshwa na ukimya, na wenzangu walikuwa wanapiga kelele. Nikapiga kelele nami. "Sema, mzee, sema!" Sauti hii hii mnayoisikia sasa.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka huu tumesikia redio ikisema mambo ambayo masikio yetu hayatayasahau. Msijiulize tu nani alisema. Kila mmoja akae kitako ajiulize nani alimwambia msemaji aseme. Mimi nimeshajiuliza, na jibu ninalo.