Nilivyoshuhudia Kupona Mafua, Vidonge Vikiwa Mfukoni

Bwana asifiwe, watu wa Mungu wa Kisarawe. Wengi mnanijua, mimi ni Ezekieli, yule mzamiaji wa kutoka Mbwawa, Kibaha. Leo sikuja na ushuhuda mpya. Nimekuja kurekebisha ule niliouacha hapa.

Ndugu zangu, mnakumbuka ile ibada ya pamoja. Nilisimama hapa hapa nikasema mafua yameondoka papo hapo, na Mama Upendo akapiga vigelegele mpaka kitambaa kikamdondoka. Kumbe asubuhi ile nilikuwa nimepita duka la dawa pale Maili Moja, nikanunua vidonge vya kuzibua pua, nikameza. Pua ikafunguka wakati wa maombi. Sikupanga kudanganya, nilinogewa tu na makofi.

Jumanne iliyofuata nikaenda kazini. Kazi yangu ni kukagua nguzo za gati chini ya maji. Siku hiyo mitungi ilijazwa hewa iliyoongezwa oksijeni, ambayo hutuwezesha kukaa chini muda mrefu zaidi, ila ina masharti yake. Na sisi wazamiaji tuna desturi: kabla ya kuingia majini, mwenzako anakuuliza, nawe unajibu. Mwenzangu ni Sefu, Mwislamu wa Mlandizi, mtu wa swala tano. Akaniuliza, "U mzima? Umemeza dawa yoyote?"

Sasa, Sefu naye nilikuwa nimeshamtambia muujiza wangu. Ningeanzia wapi kumwambia bado nina mafua? Nikajibu, "Mzima kabisa." Na tumboni nina vidonge viwili nilivyomeza asubuhi hiyo, vilivyobaki viko mfukoni.

Kushuka hakukuwa na shida. Shida ilikuja wakati wa kupanda. Dawa iliisha nguvu nikiwa chini, pua ikaziba tena, na hewa iliyonaswa ndani ya mifupa ya uso, ambayo hutanuka kadiri unavyopanda, ikakosa pa kutokea. Juu ya jicho ilikuwa kama mtu anapigilia msumari. Nikipanda kidogo, inanibidi nishuke. Mshale wa kipimo cha hewa nao unaelekea kwenye nyekundu, hewa inakaribia kwisha. Ndugu zangu, niliogopa kufa. Na niliogopa zaidi mke wangu aje aambiwe, "Lakini alisema ni mzima kabisa."

Nikaomba, tena kwa kifupi: Bwana, nitoe humu, nitasema kweli. Sefu akanishika mkono, akanipa pumzi kutoka mtungi wake, akanipandisha pole pole, tukisimama na kuendelea. Tulipotokeza juu, barakoa yangu ilikuwa na damu. Nikamweleza yote pale pale. Akanitazama, akasema, "Kaka, mimi nilikuuliza habari ya dawa. Habari ya imani yako sikuuliza."

Daktari wa wazamiaji akaniambia damu ile ilikuwa jambo dogo. Baadhi ya vidonge hivyo huchangamsha mwili, na kwenye kina, pamoja na oksijeni nyingi, inahofiwa vinaweza kuchangia mtu kukakamaa na kutikisika kama mwenye degedege. Ukipata hali hiyo majini, umezama. Hatari ni kubwa kiasi gani, akasema, bado haijajulikana vizuri, na ndiyo maana mtu habahatishi. Ukiwa na mafua, usiingie majini. Ukitumia dawa yoyote, muulize kwanza daktari anayejua kazi yako, na mwenzako aambiwe.

Basi nisameheni, na Mungu amenisamehe. Nawe uliyekaa hapo na ugonjwa unaouficha kwa sababu ulishashukuru mbele za watu, mwamini Mungu, useme. Hatakuacha kwa kusema kweli.

Mnaisikia sauti yangu? Leo nina mafua, tena mazito. Kesho nilitakiwa kuingia majini. Asubuhi nimempigia Sefu nikamwambia, "Sijapona, siingii." Akasema, "Alhamdulillahi, kaa nyumbani." Mama Upendo, leo usipige vigelegele. Niombee tu, na nisipopona kufikia Jumapili ijayo, nitasimama niwaambie sijapona.