Mama Nyamaza, Aliyefundisha Wachungaji Kukaa na Mgonjwa

Ndugu waombolezaji, wachungaji wetu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutufuta machozi, familia inaomba mtusikilize, kwa maana mama yetu ametuachia maneno ya kusoma hapa, na mengine si mepesi.

Mama yetu mpendwa, mchungaji na mkufunzi, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nyamaza, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa pili kati ya watano wa baba mpiga chapa na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1975, kisha akaingia chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1979 na kufanya kazi wodini mpaka alipoitikia wito na kujiunga na chuo cha theolojia, na tarehe 12 Desemba 1993 akabarikiwa kuwa mchungaji.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983 na baba yetu, fundi umeme, ambaye hujisifu hadi leo kwamba alinyamazishwa na mchungaji huyu kabla hata hajawa mchungaji, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba.

Mwaka 2004, aliporudi kutoka masomo ya juu, alianzisha kozi ya uchungaji wa wagonjwa kwa viongozi ambao tayari walikuwa na makanisa, vyeo na sauti kubwa. Darasa lilikuwa chumba chenye viti vya plastiki nyuma ya maabara ya hospitali, na mazoezi yakafanyika wodini, ambako ndiko alikopata jina, kwani mchungaji akianza kuhubiri kitandani alimvuta shati taratibu, akamwambia anyamaze, mgonjwa amechoka, hana uziwi. Kanuni zake zilikuwa mbili, na hakuzipindisha kwa yeyote: aliyevaa beji ya kozi hana ndugu wodini, na alichosema mgonjwa hakitoki kinywani mwa mwanafunzi ila kwa ruhusa ya mgonjwa mwenyewe.

Septemba ya mwaka huo huo, darasa lake la kwanza likikaribia mahafali, bibi yetu mzaa mama alilazwa katika wodi ile ile, kitanda cha dirishani. Mama hakutaka wanafunzi waseme anapendelea, akampangia bibi mwanafunzi mmoja, mchungaji kijana mrefu, naye Mama mwenyewe akawa anapita na beji yake kifuani kukagua wengine, akijiambia kwamba Jumamosi atakuja kama binti na kukaa kutwa nzima. Bibi alifariki Alhamisi, tarehe 9. Ndugu zake Mama walimsema sana, hakujitetea, akaenda mahafali, akatoa vyeti kwa tabasamu, akarudi nyumbani akajifungia chumbani.

Kilichomla moyo tangu siku ile ni kutojua bibi alisema nini. Hakumuuliza yule mwanafunzi, kwa sababu kanuni ilikuwa yake mwenyewe, na walipokutana kwenye semina walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakaachana. Alifundisha mamia ya wachungaji, akasifiwa sana, na kila akisifiwa alirudi nyumbani amenuna, nasi tukadhani ni uchovu.

Maradhi ya figo yalimwanza Februari 2023, na alipolazwa mara ya mwisho, Mei mwaka huu wa 2024, mchungaji yule, sasa mwenye mvi, alikuja kukaa naye kimya kama alivyofundishwa. Siku ya tatu Mama alishindwa kuvumilia, akamuuliza.

"Mama yako aliniruhusu nikwambie siku ukiniuliza," alijibu, "nami nimengoja miaka yote hii uniulize. Alikuwa anakuona ukipita. Alisema, mwacheni, yuko kazini."

Mama aligeukia ukutani akalia. Baadaye alituambia kwamba lawama za ndugu zake alikwisha kuzizoea, lakini kuachiliwa kwa upole namna ile kulimuuma kuliko zote, na tulipojaribu kumfariji akatunyamazisha, akasema hilo ni lake, tusiwe na haraka ya kumwondolea.

Alifariki tarehe 14 Juni, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa kitinda mimba wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotupikia na kutulindia nyumba, wakufunzi wenzake na wanafunzi wake wote, pamoja na mchungaji yule, ambaye ametuomba tusimtaje.

Neno lake la mwisho ni kwenu wachungaji mliojaza viti vya mbele, kwani alijua mtakuja wengi, na alijua baadhi yenu mmeacha wagonjwa nyumbani. Ametuagiza tuseme kwamba yeyote aliyemwacha mzazi, mwenzi au mtoto kitandani ili aje kumzika yeye, asingoje jeneza lishushwe, ainuke sasa hivi aende, na familia haitaona vibaya. Tutanyamaza kidogo ili wanaoondoka waondoke.

Wewe, Mama, pumzika kwa amani.