Mzee Torazo Nagamatsu, Mwasha Moshi wa Yahata, 1926–2009

Ndugu wafiwa, majirani, wazee wa kiwandani, na wewe mtawa wetu uliyeikatisha sala ili sisi wenye midomo tupate nafasi, poleni na asanteni kwa kufika, tukae vizuri, maana maisha ya mtu huyu hayakai kwenye kiganja.

Marehemu Torazo Nagamatsu alizaliwa tarehe 3 Februari 1926 huko Tobata, pua na mdomo na mji wetu wa Kokura, akiwa mtoto wa tatu wa mchochea makaa, na inasemekana alipolia mara ya kwanza meli mbili bandarini zilimjibu kwa honi, zikidhani ni mwenzao, na toka siku hiyo hakunyamaza tena, ila mara moja tu, na hapo tutafika.

Aliingia shule ya msingi hapo hapo Tobata Aprili 1932, akatoka Machi 1940, hesabu akiijua kwa sura tu, kama jirani msiyesalimiana, na anayewasomea haya, Mitsugu Deguchi, mdogo wake mke wa marehemu, hana ubavu wa kumcheka, maana naye shule ilimwona mgongo mapema.

Aprili 1940 aliajiriwa kiwanda cha chuma Yahata, jirani na Kokura, kitengo cha lami ya makaa, na huko ndiko jina lake lilikopikwa, kwa sababu tarehe 8 Agosti 1945 Yahata ilimwagiwa mabomu ya moto ikaungua, na kesho yake asubuhi, kwa vile minong'ono ya Hiroshima ilikuwa imeshafika, mkuu wa kitengo akaamuru mapipa ya lami yawashwe ndege zikisikika, Torazo akawasha, ukapanda moshi mweusi, mzito, wa kukatwa kwa kisu na kufungiwa msafiri ale njiani, mpaka kunguru wa Kokura siku hiyo walikwenda kwa miguu. Ndege ya Wamarekani ilikuja juu ya Kokura, ikazunguka, ikarudi, ikazunguka tena, haikuona chini, ikaondoka, na saa tano na dakika mbili Nagasaki ikapigwa.

Yeye hakujua. Alijua amewasha moshi na mji wake umebaki, basi, na miaka mingi baada ya vita ilikuwa ndiyo hadithi yake ya kilabuni, "Jamani, niliwasha mpaka jua likauliza njia," na walevi wakimmiminia kikombe kingine ili aanze upya.

Tarehe 12 Mei 1953 alifunga ndoa na Shizuno Deguchi, aliyekaa hapa mbele leo, ambaye alizaliwa Nagasaki mwaka 1930, na aliyekuja Kokura kupika tambi mgahawani akiwa na mdogo wake huyu Mitsugu. Siku ya bomu wawili hao walikuwa Isahaya kwa shangazi kuchukua viazi vitamu, na siku ya pili yake Shizuno alirudi mjini peke yake, akaikuta mifupa ya mama yao jikoni, mbele ya jiko, akaiweka kwenye sufuria kwa kuwa hakikubaki chombo kingine, na wadogo zake wawili wa kike hakuwaona mpaka leo, kisha nywele zikamtoka, kisha zikaota.

Mama yake Torazo alipopata habari hizo alimwita chemba akamwambia, "Mwanangu, wasichana wamejaa Tobata, wewe unakwenda kuoa wa Nagasaki, atakuzalia nini?" na Torazo akajibu, "Mama, akinizalia mtoto mfupi wa maneno nitamrudisha," basi mama akacheka, na akishacheka huwa ameshindwa.

Walijaliwa watoto wawili, Kiyomi, tarehe 9 Juni 1956, na Hideto, tarehe 30 Oktoba 1959, na mara zote mbili swali la kwanza mlangoni kwa mkunga halikuwa wa kiume au wa kike.

Sasa ile mara moja. Masika ya 1961 mwenzake wa kiwandani alimsomea gazetini maneno ya Wamarekani wenyewe, kwamba bomu lile lilitengwa kwa ajili ya Kokura, na kwamba halikuangushwa kwa sababu ya mawingu au moshi, na Torazo, mtu ambaye akipiga chafya Korea wanafunga madirisha, akanyamaza miezi minne. Walevi walimbembeleza hadithi ya kunguru, akalipia kikombe chake akaondoka. Nyumbani alikula kama mgeni.

Agosti ile walikwenda Nagasaki kwenye sikukuu ya wafu, na watu wa kule, mnawajua, sikukuu hiyo hawalii, hupanda kilimani makaburini na chakula na pombe, wakala na marehemu wao, watoto wakalipua fataki katikati ya makaburi mpaka moshi ukaziba majina, na fataki ya kwanza ilipolia Torazo alikuwa amelala kifudifudi, kakumbatia kaburi la watu asiowajua.

"Inuka, baba Kiyomi," Shizuno akamwambia, "hao wenyewe waliomo humo hawajashtuka."

Hakuinuka, na hapo hapo chini, mdomo udongoni, akatoa yote, kwamba bomu lilikuwa la Kokura, kwamba yeye aliwasha, kwamba mama mkwe na wale mabinti walikufa kwa sababu yake, na Shizuno aliposikia aliweka chini sahani ya viazi, akasema, "Nani alikudanganya moshi wako ulikuwa mkubwa hivyo? Mawingu je? Na mji ulioungua jana yake je? Aliyelileta bomu ana jina, na cheo, na nishani, halafu wewe mchoma lami unataka kumpokonya lawama yake?"

"Lakini niliwasha, mama Kiyomi."

"Uliwasha. Usingewasha, mama yangu angekuwa hai, mama yako angekuwa majivu, na Kiyomi asingekuwepo. Nikushukuru au nikutukane? Sijui, na usinilazimishe kujua. Kula viazi."

Alikula, lakini aliposhiba akaomba kitu, kwamba siku yake ikifika majivu yake yasipelekwe kwa kina Nagamatsu Tobata, yawekwe kilimani pale, kaburini mwa mama mkwe, na Shizuno akasema hilo si lake, kaburi la kina Deguchi lina mrithi, muulize Mitsugu, na Mitsugu, kijana wa miaka ishirini na miwili, ambaye alimpoteza mama yake akiwa na miaka sita na hata sura yake hakuwa nayo tena, alimwangalia shemeji yake akasema, "Niache nifikiri."

Basi ikawa kila Agosti, kilimani pale, wakiwa na moshi wa fataki puani, Torazo anauliza, "Shemeji, umefikiri?" na Mitsugu anajibu, "Kichwa changu kizito, shemeji, subiri." Siyo mchezo tu. Mitsugu alimpenda mtu yule kuliko alivyoweza kusema, alilelewa kwa mshahara wake, na bado kila akiligusa jiwe la kaburi la mama aliishia kulifuta vumbi, ndiyo akaiacha kwa mwaka mwingine.

Mwaka 1981 mchumba wa Kiyomi alijitoa, wazazi wake wakisema damu ya Nagasaki hawaitaki, na Torazo akaenda hadi sebuleni kwao akawaambia, "Mke wangu msimguse. Bomu lile lilikuwa la hapa Kokura, lilikuwa la kwenu nyinyi, mmekaa juu ya mikeka yenu kwa sababu yeye alipokea mzigo wenu," akavaa viatu akatoka, na Kiyomi akaja kupata mume mwingine, bora mara elfu, ambaye yupo hapa na anaona haya.

Alistaafu Februari 1986. Alianza kuugua mapafu Novemba 2008, akalazwa hospitali ya hapa Kokura, na wiki ya mwisho alimshika Mitsugu mkono, "Shemeji, umefikiri?", Mitsugu akasema, "Nafikiri bado," na mgonjwa akacheka hadi nesi akaja kumgombeza. Alifariki tarehe 21 Machi 2009, saa kumi alfajiri, usingizini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kelele zake, majirani waliopika, wazee wa kitengo cha lami mliombeba, Mungu na Buddha na yeyote mwingine anayehusika awalipe.

Na sasa shemeji yako anakujibu mbele za watu. Kama ni moshi au mawingu, sijui. Kama una kosa, sijui, nimetafuta miaka arobaini na minane na sikuona pa kulishika. Lakini tarehe 8 Mei, siku yako ya arobaini na tisa, siku ya kuzika majivu, nitakubeba mwenyewe hadi kilimani Nagasaki, nitaliinua lile jiwe, nitakuweka ubavuni mwa mama. Alikuwa mwanamke mkali. Maelezo utampa mwenyewe, na akishakusikiliza, pumzikeni wote wawili kwa amani.