Maumivu ya Ukoo Wetu

Sogezeni viti, wanangu, mnisikilize kabla sauti haijanikatika. Leo ni siku ya sita tangu nipasuliwe tumbo, kidonda kimeoza ndani, na daktari ameacha kuniangalia usoni, kwa hiyo tusidanganyane.

Kitinda mimba, karakana ya makochi ni yako, pamoja na cherehani kubwa na ngozi zilizobaki. Usimfukuze yule mzee wa kukata sponji. Masikio yamemchoka, mkono bado. Wewe umechukua damu ya baba yenu, aliyepasuliwa ngiri na siku ya pili akaomba chai na gazeti, nami kwa wivu wa kumwona haumwi nikamgombeza hapo hapo kitandani.

Sasa wewe, kifungua mimba wangu. Bibi yako, mama yangu mimi, alitolewa mawe ya nyongo nikiwa msichana. Alilia siku nne, akawatukana wauguzi, akatupa bakuli, wakasema anadeka, nami kwa aibu nikamwambia, "Mama, nyamaza, unatuaibisha." Akanyamaza. Alikufa hajaniambia neno tena. Leo sindano inayomlaza jirani yangu wa kitanda cha pili, mimi hainigusi, na nimemsikia nesi akisema, "Huyo mama wa makelele, mwacheni." Ni daktari wa usingizi peke yake, yule mama wa miwani, aliyeketi hapa akaniuliza, "Mama, ukikasirika unafoka au unameza?" Nikamwambia aulize mtaa mzima. Akasema wapo waliorithi mwili usioitikia vizuri dawa ya maumivu, na kati yao wenye kufoka huenda ndio wanaoumia zaidi baada ya kisu. Tena akasema hana uhakika, pengine mimi simo. Mimi sihitaji kipimo. Nilimwona mama yangu, na nimekuona wewe.

Nilikurushia mkasi kwa ajili ya mshono uliopinda, ukanirudishia nyundo, ukaondoka kwa miaka kumi na moja. Niliyekurithisha hasira hiyo ni mimi, na niliyekuadhibu kwayo ni mimi. Sikuombi msamaha leo. Naona macho yako hayajafika huko.

Mwezi ujao wanakupasua titi. Waambie mapema, kabla hujapanda mezani, kwamba mama yako na bibi yako dawa haikuwashika. Wasipokusikia, rudia. Wasiposikia tena... sijui, mwanangu. Ningekuwa na lingine la kukupa, ningekupa.

Kitinda mimba, uwe naye wodini, umsemee. Wewe unasikilizwa kwa kuwa husemi kwa nguvu. Mimi nizikeni upesi, bila hotuba.

Mungu awatunze... nyote wawili. Watoto wenu awape damu ya babu yao. Yangu iishie... ngoja kidogo... iishie hapa.

Mwiteni nesi. Najua haitasaidia. Mwiteni tu.