Kiwanda cha Pili

Ndani ya treni ya asubuhi, kwenye kiti cha mbele yangu, mwanafunzi mwenye tai alikuwa akimweleza mama mwenye sare ya kiwanda cha sabuni kuhusu shindano lao la kuchambua kampuni. "Tumeichambua kampuni yenu, mama. Tumeshauri watu wanunue hisa, maana kiwanda cha pili kitafungwa na faida itapanda."

"Mimi niko hicho cha pili, mwanangu. Sisi mmetuweka wapi?"

"Kwenye gharama." Alijibu kwa adabu, sidhani alikusudia ubaya.

"Nani kawaambia kitafungwa?"

"Imo kwenye ripoti yenu ya mwaka. Hamkupewa?"

"Sisi tulipewa fulana. Haya, mkishinda mnapata nini?"

"Ajira, mama."

"Kumbe zipo."

Treni ikasimama kituo cha kiwandani, wenye sare kama yake wakashuka. Mama alikuwa bado ameketi.