Redio ya Kulinda Gari

Tulipotoka Kibiti ndani ya Noah ya abiria, mzee aliyepakata betri ya gari alianza kumweleza shida yake dada aliyekaa kando yake, fundi umeme wa magari. Gari lake kuukuu hulitoa kwa dharura tu, lakini betri hufa kila baada ya siku tatu. "Nimetoka kuichaji tena. Binti yangu siku zake zimefika. Akishikwa uchungu na gari lisiwake, nitambeba mgongoni?"

"Baba, ukizima gari, hakuna kinachobaki kinawaka?"

"Hakuna, mwanangu. Ni redio tu, tena kwa sauti ya chini. Inasoma Kurani usiku na mchana, ilinde gari."

Fundi alitazama dirishani. Nami nikatazama dirishani.

"Basi hiyo ndiyo inayomaliza betri, baba. Izime."

"Wiki hii hii nimwondolee binti yangu kinga?"

"Msomee mwenyewe."

"Nazijua sura tatu tu."

Mimi niliyeanza madrasa ya jioni nikiwa na mvi, niko kwenye ya tano.

Noah ikasimama Mtunda. Mzee akashuka amekumbatia betri, midomo ikicheza. Hakusema kama ataizima redio. Nilimsikia akimaliza sura ya tatu, akaanza tena ya kwanza.