Zilpah Adoyo na Kikapu Kilichongoja Kifuniko

Mama Zilpah Adoyo Okari alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Juni 1951, karibu na Sindo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mirumbe, mvuvi, na marehemu Mama Persila. Nyumba yao ilikuwa karibu sana na ziwa. Mvua ikizidi, mama yao alitoa maji ndani kwa sufuria. Hapo ndipo Zilpah alipojifunza kusuka mafunjo, kabla hajajua kusoma. Mama Persila alimfundisha jambo moja ambalo naye alilirudia kwetu mpaka tukachoka: funjo likikauka likakataa kupinda, usilivunje, liloweshe.

Alisoma shule ya msingi hapo Sindo kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Alifaulu mtihani, lakini aliyeendelea ni kaka yake. Lilimuuma, tusijifanye halikumuuma. Mwaka 1970 alipata mafunzo ya ualimu wa chekechea mjini Homa Bay, na kuanzia 1971 alifundisha Rongo hadi alipostaafu mwaka 2006. Wengi wenu mlioketi kwenye hema hili aliwashika mkono mkaandika herufi ya kwanza. Wengine, hatutawataja, mlimlilia mpaka saa sita mkitaka kurudishwa nyumbani.

Tarehe 9 Desemba 1972 alifunga ndoa na Mwalimu Paul Okari wa hapa Rongo. Majirani wakamwita Nyar Sindo, yaani binti wa Sindo, jina alilolipenda kuliko mengine yote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bonface na Cate. Mwalimu alipotutoka mwaka 2011, nyumba ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Februari 2013, Cate, ambaye ni muuguzi katika mji mdogo wa Castlemaine nchini Australia, alimwita akamsaidie kumlea Risper, mtoto wa miaka minne. Mama alisafiri na kikapu chake mkononi, na ndani ya kikapu, chini ya kanga, kilo mbili za omena, dagaa wa ziwani kwetu. Lo! Maafisa wa uwanja wa ndege walikipulizia kikapu dawa, wakakirudisha. Omena hawakurudisha. Kisa hicho alikisimulia kwa uchungu miaka yote iliyofuata.

Mwanzoni alilia sana. Alitupigia simu akisema, "Huku hakuna mtu anapita njiani. Nitasalimia nani?" Kilichomponya ni kutembea. Kila alasiri alimchukua Risper wakafuata njia ya mashambani nje ya mji. Februari walichuma matunda meusi ya miiba mpaka vidole vikawa zambarau. Aprili majani yaligeuka mekundu, wakarudi nayo mifukoni. Julai baridi ilipouma walikaa kando ya moto na jirani yao, bibi mmoja aitwaye Joan, wakasuka vikapu kwa nyasi ndefu za kule. Agosti miti ya miwati ilichanua manjano, na Joan akaiweka kwenye chupa mezani. "Kwetu hiyo ni kuni," Mama akamwambia. Mwaka wa pili naye akaweka ya kwake.

Risper alikuwa mzito wa kutembea, kila jiwe lazima alisalimie. Mama alitangulia mpaka geti la mwisho la shamba la kondoo, akaliegemea.

"Dani, unaniacha!" mtoto alipiga kelele, maana ndivyo alivyomwita nyanya yake.

"Siendi popote. Nakungoja hapa."

Mwaka 2019 alirudi nyumbani kwa hiari yake, kwa kuwa alitaka siku ikifika alale kando ya Mwalimu. Siku ya kuagana Risper alimuuliza, "Sasa nani atanisubiri getini?" Mama alipofika Rongo alisuka kikapu kikubwa kwa mafunjo ya Sindo, akapima mdomo wake kwa uzi, akautuma uzi huo kwa bahasha. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Suka kifuniko kwa nyasi za huko. Nitaacha kikapu wazi mpaka ukilete mwenyewe."

Kikakaa sebuleni wazi miaka sita. Akina mama wa sokoni walikitaka, Bonface alitaka kukiwekea mahindi. "Hicho kina mwenyewe," aliwajibu. Ndani alitia vijiwe vya njia ile, glavu moja ya mtoto, na shada la miwati lililokwisha kugeuka vumbi. Jioni alitembea mpaka mtoni, akarudi akilalamika kwamba hewa hainukii kama ya kule. Kule alililia ziwa, huku akaililia njia ya kondoo. Alimkosa mtoto yule, jamani. Alimkosa mpaka akawa na hasira.

Machi mwaka huu wa 2025 miguu ilianza kuvimba, na daktari akasema moyo umechoka. Alilazwa mara mbili mjini Homa Bay. Simu ikilia, hakuzungumzia dawa. Aliuliza kule ni msimu gani, na kifuniko kimefika wapi. "Kimebaki ukingo tu, Dani," Risper alimwambia mwezi wa Julai. Tiketi yake ilikuwa ya Desemba. Mama alihesabu kwa vidole, akasema, "Desemba ni mbali."

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 5 Agosti, asubuhi, Bonface akiwa amemshika mkono. Kwenye simu yake tulikuta picha ya miwati iliyochanua, aliyoituma Risper. Hakuwahi kuifungua.

Juzi Alhamisi Risper, sasa msichana wa miaka kumi na sita, alishuka hapa na mama yake, kifuniko kifuani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu. Kifuniko hakikuingia. Nyasi zilikuwa zimekauka zikajikaza. Akakaa sakafuni akalia, "Nimechelewa, na hata hakiingii!" Dada yake Mama alileta karai la maji. Kikaloweshwa, tukanywa chai, kisha Risper akakibonyeza taratibu kuzunguka ukingo. Kikaingia.

Mama Zilpah ameacha watoto wawili, Bonface na Cate. Wajukuu watano, Risper akiwa mmoja wao. Na dada yake, Nyatichi, anayewasomea maneno haya kwa niaba ya familia. Kikapu hakizikwi. Kinakwenda Castlemaine na mwenyewe, maafisa wakipulizie dawa wanavyotaka.

Jana Risper aliuliza tena nani atamsubiri. Nyar Sindo, hilo ni lako. Wewe ndiwe uliyezoea kutangulia. Egemea geti, upumzike kwa amani. Mtoto anakuja, polepole kama kawaida yake.